Wasomaji Wanauliza: Msafara Ulipita Ugogo, Mbona Dini Ikakaa Kondoa?

Wadau wa safu hii, hamjambo. Toleo lililopita tuligusia kidogo tu ile njia ya misafara ya zamani, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia hapa kwetu Ugogo (nchi ya Wagogo, Dodoma), tukasema Uislamu uliingia bara na wafanyabiashara bila jeshi lolote kutangulia. Sentensi moja ile imeleta meseji nyingi kuliko tulivyotegemea, zingine za kushukuru, zingine za kubisha, na kuna moja ya matusi tumeiacha ilivyo. Nimechukua zile zenye swali ndani yake.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kwetu Kondoa, mimi ni Mrangi. Rumimeti wangu ni Mgogo wa Mvumi, Muanglikana, na hii ishu tunabishana kila siku. Yeye anasema kama kweli dini ilikuja na biashara basi Wagogo ndo wangekuwa Waislamu wa kwanza bara nzima, maana misafara yote ilipita kwao, ila sisi Warangi tuko huko kaskazini pembeni ya njia kubwa na wengi wetu ni Waislamu. Nimekosa jibu. Sasa hiyo habari ya biashara ni kweli au ni stori tu? (Mrangi wa UDOM)

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo rumimeti wako ana kichwa, usimwache. Swali lake linaenda moja kwa moja mahali ambapo watu wengi wanapita juu juu, wanasema "biashara ilileta dini" alafu wanafunga daftari, kana kwamba ukimuuzia mtu kaniki na shanga kesho yake anasilimu.

Anza na Ugogo. Msafara ukishatoka Mpwapwa ulikuwa unaingia Marenga Mkali, kipande cha nyika ambacho maji yake hayanyweki na mahali pengine hayapo kabisa, wapagazi wanakivuka haraka haraka na mizigo kichwani, na wakitokea upande wa pili ndo wapo kwa Wagogo, na hapo kila mtemi anataka hongo yake, vitambaa, shanga, waya, bila hivyo kisima hugusi. Burton, mpelelezi wa Kiingereza, alipita 1857 akakutana na hiyo habari. Stanley alipita 1871 anamtafuta Livingstone, akalipa Mvumi, akalipa mbele, akalipa tena mbele, na analalamika kila anapolipa. Sasa jiweke wewe ndo mwenye msafara, una wapagazi mia kadhaa wanaotaka posho kila siku, maji ya kulipia, mtemi huyu ana bei yake na yule ana yake, utakaa hapo ufungue chuo ufundishe watoto alifu be te? Unanunua mtama, unanunua ng'ombe wa kuchinja, unalipa, unapita, unamuomba Mungu ufike Tabora salama.

Na Mgogo mwenyewe hakuwa na haja na wewe zaidi ya hapo. Watu walikaa kwenye matembe yaliyotawanyika, kila ukoo na tembe lake na mifugo yake, hakukuwa na mji ambao mgeni angepanga nyumba. Alafu mtemi ndo aliyekuwa anashughulika na mambo ya mvua, na nchi kavu kama hii yetu mtu anayeshughulika na mvua humwachi kwa sababu mpita njia mmoja ameswali chini ya mbuyu akaondoka.

Kondoa ilikuwa habari nyingine. Watu wa pwani waliokuwa wanafuata pembe za ndovu kwenye nyika za Wamasai walihitaji mahali pa kupumzika, kujaza chakula, kuweka mali mpaka iwe nyingi ya kutosha kurudi nayo, na Irangi, yaani nchi yenu Warangi, kuna vilima vyenye watu wengi wanaolima, chakula kipo, maji yapo. Kufikia miongo ya mwisho ya karne ya 19 kulikuwa na watu wa pwani wenye nyumba zao pale. Nyumba, sio mahema. Mtu mwenye nyumba ataoa, akioa ana wakwe na mashemeji, akizaa anataka watoto wake wasome, anatafutwa mwalimu, na mwalimu akishaweka mkeka chini ya mti hawezi kuwafukuza watoto wa jirani. Baadaye Wajerumani wakajenga boma Kondoa hiyo hiyo, wakaja na askari na makarani na maakida (wasimamizi wa serikali vijijini) ambao wengi walikuwa Waislamu wa pwani, sio kwamba Mjerumani alikuwa anahubiri Uislamu, hapana, ila alihitaji watu wanaojua kusoma na kuandika na wanaozungumza Kiswahili, na hao aliwapata huko.

Kwa hiyo mwambie rumimeti wako hivi: dini haikushika pale misafara ilipopita, ilishika pale watu walipokaa. Na yeye mwenyewe ni ushahidi, maana waliokuja kukaa Ugogo ni wamisionari wa Kianglikana wa CMS, chama cha wamisionari cha Uingereza, walianzia Mpwapwa miaka ya 1870, baadaye Mvumi kwao wakajenga shule na hospitali, wakajifunza Kigogo, wakazeeka pale pale. Ni kitu kile kile kilichotokea kwenu, waliokaa tu ndo tofauti. Hata huko kwenu Irangi nenda Haubi uone Wakatoliki walivyo wengi, kwa sababu mapadri waliweka kambi Haubi wakakaa.

Ukitaka kuona hii kitu vizuri zaidi shuka pwani. Jahazi la kutoka Arabuni au Ghuba lilikuja na kaskazi, kuanzia kama Desemba hivi, na haliwezi kurudi mpaka kusi ianze kuvuma, Aprili na kuendelea. Huna ujanja, hata kama umeshauza tende zako zote na umeshapakia pembe na boriti za mikoko, unasubiri upepo. Miezi hiyo yote uko kwa watu, unakula kwao, unaumwa wanakuuguza, na mwaka ukikosa upepo mzuri unabaki mwaka mzima. Unaoa. Hii sio dhana tu, mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 hivi wa zamani, wengi wao wamezikwa kwenye miji ya Waswahili kati ya 1250 na 1800, na walichokikuta ni kwamba upande wa akina mama ni Waafrika karibu wote, na upande wa akina baba kuna damu nyingi ya Asia, hasa ya Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. Wazee wa pwani wamekuwa wakisema habari za Washirazi miaka yote wanachekwa, kumbe kuna kitu.

Ila msidhani ni wageni tu ndo walioswali. Kule Shanga, kisiwa cha Pate, Kenya, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta misikiti imejengwa mmoja juu ya mwingine, na wa chini kabisa ni kibanda kidogo cha miti cha karne ya 8, ndani ya kijiji cha watu wa hapo hapo. Hakuna ngome ya mvamizi wala kaburi la jeshi. Kibanda cha watu wachache wanaoswali, alafu kizazi kinachofuata wanajenga kikubwa kidogo, alafu kikubwa zaidi, mpaka mawe.

Na kuna jambo moja naona halisemwi vya kutosha. Watu wengi wa bara ya Tanganyika hawakusilimu wakati Mwarabu ana nguvu. Walisilimu baada ya nguvu zake kuvunjwa! Mwaka 1890 Uislamu bara ulikuwa bado ni wa kwenye vituo, Tabora, Ujiji, Kondoa na kwingine kuchache, ukitoka nje ya mji kidogo tu umeisha. Kuenea vijijini kwa kasi ni kati ya hapo na kama 1920 hivi, wakati bunduki na kodi vyote viko mikononi mwa Mzungu. Waliofanya kazi hiyo ni masheikh wa tarika, yaani vyama vya kisufi, ile ya Qadiriyya hasa, na zikri zao za kumtaja Mungu kwa pamoja, na maulidi ya Barzanji, ya kumsifu Mtume, ambayo hata asiyejua kusoma anaishika kwa kuisikia. Mtu akiniambia watu walisilimu kwa kumwogopa Mwarabu namuuliza, Mwarabu yupi, wa mwaka gani?

SWALI: Mwalimu mimi nauza nafaka hapa Majengo sokoni. Nimesoma mambo ya misafara nikajiuliza upande wa biashara tu, hao watu walikuwa wanapeana mali bila simu bila benki, mtu anaondoka na mzigo wako miaka miwili hujui kama yuko hai. Walikuwa wanaaminianaje? Maana mimi mali kauli ya wiki moja tu inaninyima usingizi. (Mama Nafaka)

JIBU: Mama yangu, hapo umegusa penyewe, na watu wanaoandika historia ya dini wangewauliza kwanza wafanyabiashara kama wewe.

Hao nao walikuwa wanaishi kwa mali kauli. Tajiri wa Zanzibar, mara nyingi Mhindi, anatoa vitambaa na shanga na bunduki, mwenye msafara anaondoka navyo bara, anarudi na pembe baada ya mwaka, miaka miwili, mingine zaidi, na mahesabu yanafungwa hapo. Tharia Topan, Muismailia aliyekuwa tajiri mkubwa wa Unguja, ndo aliyekuwa akimkopesha Tippu Tip, yule mfanyabiashara maarufu wa pembe na watumwa. Sasa Uislamu ulileta kitu ambacho mfanyabiashara anakihitaji kuliko hata pesa, yaani sheria moja inayojulikana Mombasa, Muskat, Gujarati na Tabora. Aya ndefu kuliko zote kwenye Qurani nzima, Al-Baqara 282, inahusu nini unadhani? Inahusu deni. Mkikopeshana kwa muda maalum andikeni, awepo mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, msichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Mtume mwenyewe kabla ya utume alikuwa anasafiri na mali ya Bi Khadija kwenda Shamu (Syria), kwa hiyo ni dini ambayo sokoni haikuwa ngeni.

Mfanyabiashara wa Pangani au Ujiji akisilimu anaingia kwenye mtandao huo. Anajua kuandika hati kwa herufi za Kiarabu, kadhi akisema neno analielewa, akifika mji asioujua anaenda msikitini Ijumaa anapata wa kumkaribisha. Wako watakaosema basi huyo kasilimu kwa maslahi. Sawa, labda wa kwanza. Mtoto wake je, aliyezaliwa ndani, akasomeshwa, akafunga Ramadhani toka ana miaka saba?

Kuna na upande wa pili ambao naomba uwasomee jirani zako hapo sokoni: sura ya 83, Al-Mutaffifin, imeanza na ole kwa wapunjao, wakipokea kwa watu wanataka kipimo kitimie na wakiwapimia wengine wanapunguza. Sitaki kusema kuhusu lumbesa. Nimeshasema.

SWALI: Mwalimu unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa amani gani? Misafara hiyo hiyo ilibeba watumwa wamefungwa minyororo shingoni. Babu zetu waliuzwa, wewe unatuambia habari za kuoana na kuaminiana. (Msomaji, Manyoni)

JIBU: Ndugu yangu, hukukosea na sitakuzungusha. Biashara ya karne ya 19 ilikuwa ya pembe na ya watu, na ilipita hapo hapo kwenu Manyoni, na wenye misafara wengi walikuwa Waislamu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, bara iliendelea kwa siri na kwa wazi, na utumwa wenyewe kisheria Tanganyika ulikuja kufutwa 1922 chini ya Waingereza, yaani hata Wajerumani waliondoka wakiuacha. Na ukirudi nyuma zaidi, Ibn Battuta alipofika Kilwa 1331 aliwasifu watu wake kwa uchamungu na akamsifu sultani wao, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu, alafu anasema waziwazi kwamba sultani huyo alikuwa akivamia nchi za bara na kuchukua ngawira. Kwa hiyo anayesema historia yote ile ilikuwa salamu na halua anadanganya.

Ila tenganisha vitu viwili. Mwenye kukamata watu hana haja ya kuwasilimisha wale anaotaka kuwakamata, tena ina hasara kwake, kwa sababu sheria ya Kiislamu hairuhusu kumfanya Muislamu huru kuwa mtumwa. Ndo maana maeneo mengi yaliyoumizwa zaidi na ukamataji hayakusilimu kwa mkono wa wakamataji. Utumwa ulifuata njia ya misafara, kweli, lakini kama utumwa ndo ungekuwa unasilimisha basi nchi nzima ingekuwa imesilimu kabla Mjerumani hajatia mguu, na tumeona haikuwa hivyo.

Alafu kuna habari ya Sheikh Ramiya ambayo mimi naiona ni kubwa na haifundishwi. Jina lake Yahya bin Abdallah. Alizaliwa Manyema, Kongo, akachukuliwa mtumwa akiwa mdogo, akafikishwa Bagamoyo, akawa mali ya tajiri wa Kiarabu. Akasoma. Akawa mwanachuoni, akapata uhuru, akafanya biashara, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa Qadiriyya, na watu wa bara waliomiminika kwenye zikri zake walikuwa wengi wao kama yeye, watumwa na watoto wa watumwa na wapagazi na watu wasio na ukoo mjini pale, ambao masharifu wa zamani hawakuwa wakiwapa nafasi hata ya mbele msikitini. Alifariki 1931 na ziara ya Bagamoyo inaendelea hadi leo. Huyo hakupewa dini na mwenye minyororo ili atulie. Aliichukua mwenyewe, akaigeuza ikawa dai lake dhidi ya wale wale waliomdharau, kwamba mbele ya Mungu nyie na mimi safu moja. Hiyo haifuti minyororo, na hasira yako nakuachia, ni haki yako.

SWALI: Mimi ni mzee wa Mpwapwa. Baba yangu alinisimulia kwamba baba yake alikwenda pwani na Wanyamwezi kubeba mizigo, akarudi ametahiriwa, ana jina jipya na kanzu. Je wapagazi nao walikuwa wanaeneza dini au ni babu yangu tu alikuwa mtu wa fasheni? (Mzee, Mpwapwa)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Babu alikuwa mtu wa fasheni na pia alikuwa sehemu ya historia, havipingani.

Wapagazi ndo walikuwa wengi barabarani, Waarabu walikuwa wa kuhesabu. Wanyamwezi walikuwa wanashuka pwani kila msimu kwa maelfu, na Bagamoyo unasubiri miezi mpaka upate msafara wa kurudi, na kusubiri, kama nilivyomwambia kijana wa Kondoa, ndo kunakofanya kazi. Unaona mji wa mawe, unaona watu wanaheshimika, unaona wewe unaitwa mshenzi kwa sababu ya nguo na chakula chako, unaamua kuvaa kanzu na kuacha nyama isiyochinjwa. Unajiita Juma. Ukirudi kijijini wewe ndo uliyefika pwani, vijana wanakusikiliza. Wengi waliishia hapo kwenye kanzu na jina, wachache wakaendelea, na watoto wao wakaendelea zaidi.

Kwa wakubwa ilianzia juu. Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna wa Buganda mwaka 1844, mfanyabiashara tu, na inasimuliwa kwamba alimkemea Kabaka kwa kuua watu ovyo akamwambia hao wameumbwa na Mungu. Hakufa kwa ujasiri huo, na hilo peke yake ni la kushangaza. Mutesa aliyefuata akafunga Ramadhani kwa miaka, akaamuru kalenda ya Kiislamu itumike, alafu alipoona vijana wa ikulu wanakataa nyama aliyochinja yeye kwa kuwa hajatahiriwa akawaua, miaka ya 1870. Kwa hiyo Waislamu waliouawa kwa dini yao Buganda walitangulia wale wafia dini Wakristo wa Namugongo tunaowajua. Na Tabora mzee mambo yalikuwa ya ndoa: baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alimuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na kwa ndoa hiyo akapata ardhi, ulinzi na heshima kama mkwe wa nchi.

SWALI: Kuna jamaa kijiweni hapa Nkuhungu anasema Uislamu ulienea kwa upanga dunia nzima, mwingine anasema hata siku moja haujatumia upanga. Nani mkweli? (Wa Kijiweni)

JIBU: Wote wawili wanunuliwe kahawa wanyamaze.

Misri, Shamu, Iraki, Uajemi, huko majeshi yaliingia karne ya 7, hilo halina mjadala. Ila kutawala nchi na kusilimisha watu ni mambo mawili. Misri ilichukuliwa na jeshi kufikia 642 na bado wananchi wake wengi walibaki Wakristo kwa karne kadhaa baadaye. Qurani yenyewe Al-Baqara 256 inasema hakuna kulazimisha katika dini. Walikuwepo watawala waliolazimisha, walikuwepo wengi zaidi ambao hawakutaka watu wasilimu haraka maana kodi ya jizya, inayolipwa na wasio Waislamu, ingepungua.

Ila nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani ni Indonesia, na hakuna jeshi la Kiarabu lililowahi kufika kule kuiteka. Walifika wauza viungo na vitambaa, kutoka Gujarati, Malabari, Arabuni, China. Marco Polo alipita kaskazini mwa Sumatra mwaka 1292 akasema watu wa mji wa Perlak wamesilimishwa na wafanyabiashara wanaokuja kwao mara kwa mara, na wa milimani bado. Jirani hapo, Samudra Pasai, lipo jiwe la kaburi la Sultan Malik al-Salih la 1297. Na madhehebu yao ni Shafii, kama sisi, kwa sababu ni pepo zile zile za msimu na bandari zile zile za Yemen na Hadhramaut. Java wanasimulia kwamba Sunan Kalijaga alifundisha dini kwa kucheza vikaragosi vya ngozi ambavyo watu walikuwa wanavipenda toka zamani, hakuvichoma moto.

Afrika Magharibi pia. Al-Bakri, mwanajiografia, aliandika mwaka 1068 kwamba mji mkuu wa Ghana ya kale ulikuwa miji miwili, mmoja wa mfalme ambaye hakuwa Muislamu, mwingine wa wafanyabiashara Waislamu wenye misikiti 12, na mfalme anawatumia Waislamu kama makarani na mawaziri. Waliishi hivyo vizazi na vizazi. Baadaye akatokea mwanachuoni, Al-Hajj Salim Suwari, akawafundisha Wadyula, wafanyabiashara Waislamu wa huko, kwamba Muislamu anaweza kuishi chini ya mfalme asiye Muislamu, asiende vitani kumsilimisha mtu, yeye akae, afundishe, awe mfano, muda wa kila mtu unajulikana na Mungu. Hiyo ndo njia iliyoenea huko kwa karne nyingi, mpaka karne ya 18 na 19 walipotokea waliotaka jihadi. Wape jamaa wa kijiweni, wote wawili, neno la huyo Suwari, waende nalo.

SWALI: Mwalimu hapa Dodoma mjini Waislamu walitoka wapi basi, kama Wagogo hawakusilimu na misafara? (Bila jina)

JIBU: Kwa treni. Reli ya Mjerumani ilifika Dodoma 1910, kabla ya hapo mji haukuwepo wa kuuita mji, na reli ilileta wafanyakazi kutoka pwani na Unyamwezi, askari, wenye maduka wa Kihindi wa madhehebu mbalimbali, wapishi, mafundi cherehani, kila mtu na jamaa zake. Na Wagogo Waislamu wapo tena wengi tu, hasa wa mjini na kando ya reli, msiwafute kwa sababu ya mabishano ya UDOM. Ule msikiti mkubwa wa Gaddafi ni wa juzi juzi, 2010, kwa fedha za Libya.

SWALI: Likizo inakuja, nataka kupeleka watoto waone hizi habari kwa macho. Niende wapi kwa bajeti ya kawaida? (Baba wa Watatu, Ipagala)

JIBU: Kwa bajeti, Bagamoyo. Panda treni ya SGR mpaka Dar asubuhi, alafu basi, mtalala Bagamoyo siku hiyo hiyo. Siku ya pili nendeni Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, kuna magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 13 na kuendelea, watoto waambie waangalie vibakuli vya China vilivyokuwa vikipachikwa kwenye makaburi, wataelewa biashara kuliko nikiandika kurasa kumi. Alafu Caravan Serai mjini, kambi ya wapagazi.

Kama mfuko unaruhusu, boti ya Unguja na daladala mpaka Kizimkazi Dimbani, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi (mtindo wa zamani wa herufi za Kiarabu) ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kilwa Kisiwani ni kuzuri kuliko kote, msikiti mkuu na Husuni Kubwa, ila ni mbali na watoto watatu watakuchosha barabarani, hiyo weka ya Desemba. Kizimkazi msikiti bado unatumika, kwa hiyo vaeni nguo za stara, muulizeni kwanza msimamizi, na msiende Ijumaa mchana mkidhani ni makumbusho.